QE2 ya Dubai au SS Rotterdam ya Uholanzi: ukitaka kulala ndani ya meli ya zamani, uchukue ipi?

Watu wanaulizia sana hizi hoteli za ndani ya meli, hasa wenye ndugu Dubai au wale wanaosoma Uholanzi na Ubelgiji, na swali huwa lilelile, wapi hela yangu haitaenda bure. Zile meli kubwa za abiria zilizokuwa zinavuka bahari kwa ratiba kama mabasi ya mikoani, afu ndege zilipokuja zikageuzwa kuwa za kitalii, zimebaki chache mno ambazo unaweza kuingia ukalala. Nyingi zilishaishia kukatwa vyuma chakavu kwenye fukwe za India. Queen Mary ipo Long Beach kule California lakini ile ni ya 1936 na ilitoka kwenye Atlantiki ikaenda moja kwa moja kuwa hoteli, maisha ya utalii haikuyaishi kivile, so leo naiweka pembeni. Zinazoshindana kwangu ni mbili: SS Rotterdam iliyofungwa gati mji wenyewe wa Rotterdam, na Queen Elizabeth 2, au QE2 kama kila mtu anavyoiita, iliyofungwa kwenye bandari ya Mina Rashid, Dubai.

Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Kama unaipenda meli kama meli, yaani unataka kuona kwa macho yako watu walivyokuwa wanapangwa mle ndani na kwa nini, nenda Rotterdam. Kama Dubai unapita hata hivyo na unataka kulala sehemu yenye jina kubwa, QE2 haitakuangusha. Ukubwa usikuchanganye, maana kwa ukubwa QE2 inashinda bila ubishi, mita 293 kwa 228, na tani 65,863 ilipoanza kazi dhidi ya 38,645 za mwenzake. Ila kubwa sio lazima ndio yenye mengi ya kukuonyesha.

Zilivyozaliwa

Rotterdam ilijengwa palepale Rotterdam kwenye karakana ya RDM, mwenye mali ni kampuni ya meli ya Holland America Line, na malkia Juliana akaishusha majini tarehe 13 Septemba 1958. Iangalie hiyo tarehe vizuri. Mwezi uliofuata tu, Oktoba 1958, shirika la ndege la Uingereza, BOAC, wakaanza kuvuka Atlantiki na jeti ya Comet 4, na kabla mwezi haujaisha Pan Am wa Marekani nao wakaingia na Boeing 707. Meli inakuchukua wiki nzima, jeti inakuchukua masaa ya kuhesabika. Yaani mafundi bado wako ndani wanapiga mbao na kuvuta nyaya, na biashara iliyofanya meli ijengwe imeshaanza kufa nje.

Sasa Waholanzi hawakuwa wajinga, dalili walikuwa wameshaziona, ndio maana waliichora tangu mwanzo ifanye kazi mbili. Kiangazi ipeleke abiria New York kwa madaraja mawili, la kwanza na la kawaida, na baridi ikiingia igeuke meli ya matembezi ambapo abiria wote ni daraja moja. Safari ya kwanza iliondoka tarehe 3 Septemba 1959 na ndani alikuwemo binti mfalme Beatrix, huyo ambaye baadaye akawa malkia. Ikavuka Atlantiki kama miaka kumi, kampuni ikaachana na biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 70, na kuanzia hapo Rotterdam ikawa ya kitalii moja kwa moja, inazunguka Karibiani, inazunguka dunia nzima, watu wakaibandika jina la La Grande Dame. Mwaka 1997 sheria mpya za usalama wa baharini zikafanya matengenezo yake yawe ghali kuliko faida, wakaiuza kwa kampuni ya Premier iliyoibadili jina kuwa Rembrandt, na mwaka 2000 Premier wakafilisika, meli ikabaki imefungwa Freeport kule Bahama inashika kutu.

QE2 yeye alikuja miaka tisa baadaye, wakati kila mtu ameshajua jeti zimeshinda, na hapo ndipo unajiuliza Waingereza walikuwa wanafikiria nini. Jibu liko kwenye upana. Queen Mary ya zamani ilikuwa na upana wa mita 36 hivi, haipiti kwenye mfereji wa Panama hata ukiisukuma. QE2 wakaibana kwenye mita 32 ili ipite, maana yake ni kwamba walishakubali mapema kwamba nusu ya mwaka itakuwa inazungusha watalii. Ilijengwa Clydebank, Scotland, kwenye karakana ya John Brown, malkia Elizabeth wa pili akaishusha tarehe 20 Septemba 1967, na safari ya kwanza ya kibiashara kutoka Southampton ikaanza tarehe 2 Mei 1969. Mbio ilikuwa nazo hatari, mwendo wake wa kawaida ni noti 28 na nusu, zaidi ya kilomita 50 kwa saa, wakati Rotterdam ilikuwa inatembea kama noti 20 hivi. Mwaka 1982 ikabebeshwa wanajeshi wa Uingereza kwenda vita ya Falklands na viwanja vya helikopta vikawekwa juu. Ikafanya kazi miaka 39, Atlantiki ikaivuka zaidi ya mara 800.

Kwa historia ya matukio basi, QE2 inaongoza. Ukimtajia mzee yeyote wa Kiingereza hiyo meli atakaa kitako akupe stori. Rotterdam nje ya Uholanzi wanaijua wapenzi wa meli tu.

Ndani zilivyopangwa, na hapa ndio kwenye utamu

Anza na bomba la moshi. Meli nyingi za abiria za zamani zilikuwa na dohani kubwa katikati, na dohani haikai juu tu, mashimo yake yanashuka mpaka kwenye mitambo chini, yanapasua kumbi zote za katikati. Rotterdam wakasogeza mitambo nyuma kuelekea tezi, na badala ya dohani moja nene wakaweka mabomba mawili membamba yamesimama ubavu kwa ubavu. Enzi hizo watu walishtuka, wakaona meli haina sura ya meli. Ila faida yake unaiona ukiingia: katikati yote, yaani pale ambapo meli haiyumbi sana, ikabaki kwa abiria, kumbi zinafuatana kutoka mbele kwenda nyuma bila kukatwakatwa.

Afu kuna ngazi. Hii ngazi peke yake kwangu inatosha kukupandisha treni. Ukisimama kwenye ngazi kuu ya Rotterdam utaona kama ngazi ya kawaida tu, pana, nzuri, inapanda deki hadi deki. Kumbe ni ngazi mbili zimesokotwa ndani ya shimo moja. Abiria wa daraja la kwanza anapanda yake, wa daraja la kawaida anapanda yake, wanapishana hatua chache tu katikati kuna ukuta, na hawaonani kuanzia wanapanda meli mpaka New York. Deki za kumbi nazo zimepangwa hivyohivyo, wa kwanza wana deki yao ya juu, wa kawaida wana yao chini yake, kila mmoja anaitembea meli kwa urefu wake akidhani ndio imeisha hapo. Zile za zamani zilikuwa zinawagawa watu kwa kuwakata, mbele huku wewe, katikati huyu, nyuma wale, hii ikawagawa kwa tabaka kama kwa maana halisi ya tabaka. Na ikifika msimu wa utalii, mabaharia wanasukuma milango ya kuteleza kwenye ngazi, ukuta unafunguka, na ghafla meli ni moja ya watu wote. Nani alikuwa daraja la kwanza jana hajulikani tena. Ukipanda leo ipande polepole, hesabu deki, utaona unavyoziruka nyingine, hapo ndio akili ya mchoraji inakuingia.

Kumbi za kulia nazo zina hadithi hiyohiyo. Ziko mbili, Odyssee na La Fontaine, zimekaa jirani, dari zimenyanyuka kama kuba na kuta zimepambwa vigae vya sanaa, moja kwa visa vya Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, na nyingine kwa ngano za La Fontaine, mwandishi wa Kifaransa. Kwa ubora hazipishani sana, na hilo ni jambo kubwa kwa mwaka 1959 ambapo wa daraja la chini alizoea kula kwenye chumba cha hovyo. Walijua tu ipo siku wote watakaa pamoja, hawakutaka mtu aingie ukumbi wa pili ajione amepunjwa. Ukumbi wa Ritz-Carlton wenye ngazi ya kupinda iliyounganisha deki mbili ndio wanaopiga picha sana, na kwa kweli wana haki.

Sasa QE2. Hii nayo iliuzwa kwa madaraja mawili ilipoanza, lakini ndani usitafute hesabu safi kama ile, maana imebomolewa na kujengwa upya mara kibao. Mwaka 1972 waliongeza vyumba vya kifahari juu. Mwaka 1986 mpaka 1987 ilipelekwa Bremerhaven Ujerumani, mitambo yote ya mvuke ikang'olewa, zikawekwa injini tisa za dizeli zinazozalisha umeme wa kuendeshea meli, na hata dohani ikabadilishwa, ile nyembamba ya mwanzo ikawa nene ya hii unayoiona leo. Mwaka 1994 wakafumua tena kumbi. Matokeo yake ukitembea ndani unapita kwenye miaka ya 60, mara uko miaka ya 90, mara koridoni unakutana na mlango ambao hauelewi ulikuwa wa nini. Wenyeji wake wenyewe walikuwa wanapotea humo siku za mwanzo.

Kuna sehemu lakini zimebaki na ladha yake. Queens Room ina nguzo nyeupe zilizochanua kwa juu kama tarumbeta zilizopinduliwa, ukikaa pale mchana na mwanga unaingia pembeni unaelewa kwa nini 1969 watu waliiona ya kisasa kupita kiasi. Midships Lobby ya mviringo, yenye viti vilivyozama katikati, ndio ilikuwa mlango wa wakubwa. Chart Room, baa ya Golden Lion, Grand Lounge ya ghorofa mbili, zote zipo. Na kule juu kulikuwa na mabanda ya mbwa, maana abiria walivuka na mbwa wao, na Waingereza wakawawekea mbwa nguzo ya taa ya barabarani ili wapate pa kukojolea pazuri. Hicho ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye QE2, sio utani.

Na ubaguzi wa QE2 ulikuwa wa aina yake. Rotterdam ngazi ndio ilikubagua, na ngazi ikafunguliwa. QE2 ilikubagua meza. Chumba ulicholipia ndicho kilikuambia unakula wapi: wa juu kabisa wanakula Queens Grill na wana baa yao peke yao, wanafuata Princess Grill na Britannia Grill, wengine Caronia, na wengi waliobaki Mauretania. Kwenye korido mnasalimiana vizuri kabisa, saa ya chakula ikifika kila mtu anakwenda kwenye kiwango chake, na hili liliendelea mpaka meli inastaafu 2008. So ukila humo leo popote unapotaka, jua kuna waliokula chumba cha pili wakiwa wanakitamani hicho.

Kwa mwenye kupenda mitambo hakuna hata mjadala. Rotterdam mitambo yake ya mvuke ya asili bado iko chini, na kuna ziara ya kukushusha huko. QE2 hata kama utafika chini unakuta dizeli za 1987.

Zilivyopona kukatwa

Zote mbili zilipona kwa pesa za watu waliojuta, ila kwa namna tofauti.

QE2 ilinunuliwa 2007 na kampuni ya uwekezaji ya Istithmar ya Dubai kwa kama dola milioni 100, mpango ni iwekwe Palm Jumeirah, kile kisiwa cha kutengenezwa, iwe hoteli ya kutikisa dunia. Ikafika Dubai tarehe 26 Novemba 2008, wakati msukosuko wa uchumi unapiga kila kona. Mipango ikalala. Meli ikakaa bandarini karibu miaka kumi, joto lile, mpaka wengi wakaamini itakatwa. Ikaja kufunguliwa Aprili 2018 ikiwa na vyumba 224 vya kuanzia, Mina Rashid palepale ilipokuwa.

Ya Rotterdam ndio kichekesho cha machozi. Shirika la Woonbron, ambalo kazi yake ni kupangisha nyumba za bei nafuu kwa watu wa kipato cha chini, likaamua kununua meli. Ndio, meli. Wazo ni vijana wa mtaa wapate mafunzo na ajira humo. Kumbe meli imejaa asbesto, yale madini ya nyuzi yanayoharibu mapafu, ikabidi izungushwe kusafishwa, Gibraltar, Cádiz, ikafika Gdańsk Wapolandi wakaja juu kuhusu hiyo asbesto, ikahamishiwa Wilhelmshaven Ujerumani. Agosti 2008 ikarudi nyumbani, watu wamejaa kingo za mto wanashangilia, wakati huo bili imeshapanda kutoka milioni chache za mwanzo mpaka zaidi ya euro milioni 200. Bunge la Uholanzi lilipochunguza mashirika ya nyumba, hii meli ikawa mfano wa kunyooshewa kidole. Baadaye ikauzwa kwa kampuni ya hoteli ya WestCord kwa euro milioni kama 30 hivi. Mpangaji wa Rotterdam ana haki ya kununa. Ila kwa sisi wageni, pesa zote zile ndio sababu meli iko safi na ya asili kiasi kile, maana hoteli ya kawaida isingekubali kukarabati vigae kimoja kimoja.

Naomba nipite pembeni kidogo. Na sisi tulikuwa na zetu. Kampuni ya meli ya British India ilijengewa SS Kenya na SS Uganda huko Glasgow, zikaanza kazi 1951 na 1952, London mpaka Mombasa, Zanzibar, Tanga, Dar es Salaam na kushuka Beira. Wazee wengi waliokwenda kusoma Uingereza miaka ya 50 walipanda hizo. Kenya ilikatwa vyuma 1969 kule La Spezia. Uganda ikageuzwa 1967 na 1968 kuwa meli ya kutembeza wanafunzi, mamia kwa mamia wanalala kwenye vyumba vya vitanda vya juu na chini, na 1982 ikaenda Falklands hukohuko ilikokwenda QE2, yenyewe ikiwa hospitali. Ikapelekwa Taiwan kukatwa, kimbunga kikaitupa nje ya Kaohsiung mwaka 1986. Ingekuwepo leo gati la Mombasa nisingekuwa naandika haya, jibu lingekuwa moja.

Haya, kwenye kulala na kufika

Kufika QE2 ni rahisi kama uko Dubai. Metro ya kijani mpaka Al Ghubaiba afu teksi fupi. Kwa mtu wa Dar, Nairobi au Kampala anayeunganisha ndege Dubai, usiku mmoja unaingia vizuri kwenye ratiba. Bei za vyumba vya kawaida mara nyingi ziko chini ukilinganisha na hoteli za majina za mjini, sababu moja ni kwamba Mina Rashid sio ufukweni wala sio karibu na Burj Khalifa. Angalia msimu tu. Juni mpaka Septemba deki za nje hazikaliki mchana, utabaki ndani kwenye kiyoyozi, na meli usiyoweza kutembea juu yake ni nusu meli. Novemba mpaka Machi ndio wakati wake. Jua pia maboti ya kuokolea yalishushwa, so ubavu wake unaonekana mtupu kuliko kwenye picha za zamani.

SS Rotterdam iko Katendrecht, kule kwenye ncha. Kuna teksi za majini zinazoshusha hapohapo kwenye meli na mimi ningekushauri ufike hivyo, maana unaiona kwanza kutoka majini kwa chini, jinsi inavyopaswa kuonwa. Njiani unapita Hotel New York, jengo lililokuwa makao makuu ya hiyohiyo Holland America Line. Kwa aliyeko Brussels au Antwerpen treni haifiki hata masaa mawili, ni safari ya wikiendi, na si lazima ulale, unaweza kuingia ukala, ukachukua ziara, ukarudi. Vyumba viko 254, vimetengenezwa kwa rangi na mtindo wa miaka ya 50. Bwawa la nje ni la kiangazi, usibebe nguo za kuogelea Januari.

Vyumba kwenye zote mbili ni vya meli, usitegemee ukubwa wa hoteli ya nchi kavu. Vya bei ya chini vina kidirisha cha mviringo, korido ni ndefu na sakafu imepinda kidogo kuelekea mbele na nyuma, ukisimama mwisho mmoja huoni miguu ya mtu aliye mwisho wa pili. Kwa wazee wasiopenda kutembea QE2 inachosha zaidi, ni ndefu mno na kujua njia kunachukua muda. Ukiwa na watoto, Rotterdam, kwa sababu ya chumba cha mitambo na ile ngazi, watacheza kujificha humo mpaka uwaite mara tatu. Ukiwa na mwenza na unataka picha za usiku zenye taa za Dubai nyuma, hiyo ni QE2.

Kama umeshaamua QE2, omba chumba chenye dirisha la maana, sio la kidude cha duara, tofauti ya bei huwa sio ya kutisha, na chukua ziara ya kuongozwa siku ya kwanza, maana bila mtu wa kukuelekeza nusu ya ulichokifuata utakipita bila kukijua. Rotterdam unaweza kutembea mwenyewe ila ziara ya chini kwenye mitambo ibuku kabla hujatoka nyumbani.